Kabla Hujavaa Jezi ya Muthara

Mutuma mwanangu,

Jioni uliniuliza swali, nami nikajifanya nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Ulisema, "Mama, ukisema nisiende, siendi." Kisha ukanitazama kwa yale macho ya baba yako, macho ya mtu asiyependa kugombana na mtu. Nikakuambia utapata jibu asubuhi. Sasa wewe umelala, baba yako amelala kwa kelele zake, na mimi najijua. Nikingoja asubuhi nitaanza kulia, au nitaanza kufoka, na kwa vyovyote vile hutasikia nilichokusudia kusema. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Habari za kufua na kupika sitakuandikia. Kufua unajua. Uji pia unajua, ingawa unaacha madonge, na huko mwenye kuyameza ni wewe mwenyewe.

Kinachoniumiza kichwa ni mahali unapokwenda. Ungekuwa unakwenda Nairobi, ningekufungia chapati na majirani wangejaa hapa kukuombea safari njema. Lakini wewe unakwenda Muthara. Mtu akinywa chai hapa Kianjai na kushika njia kwa miguu, anafika huko kabla ya chakula cha mchana. Na bado kwangu hakuna mahali palipo mbali kuliko hapo. Unakwenda kuvaa jezi ya kijani ya Mwamba, timu yao, wewe uliyejifunza kutembea ukishikilia kamba ya uwanja wa timu yetu ya Nyuki, mtoto wa yule mwanamke anayepiga ngoma upande wa mikaratusi. Unajua ni watu wangapi wameniuliza wiki hii kama habari hiyo ni ya kweli? Wote nimewajibu kwamba sijui, na nilikuwa najua.

Mimi ni mtu wa kushuku. Hilo huhitaji kuambiwa na barua. Anayeniuzia maziwa akinijazia kikombe kupita kawaida, namuuliza kama ni ya jana. Mchungaji akinisifu mbele ya watu, najua kuna harambee inakuja. Unakumbuka safari ya Siakago, tulipokwenda kucheza kule chini kwenye joto? Wenyeji walituletea ndoo ya maji baridi, maji masafi kabisa. Mimi nikawakataza wachezaji wetu wasiguse. Wakanywa yale tuliyotoka nayo nyumbani, ambayo kwa saa hiyo yalikuwa yamepata moto wa kutosha kupikia chai. Wenyeji wakacheka, wakachota kutoka ndoo ile ile, wakanywa mbele yetu. Mimi nikasema wamekunywa ya juu, dawa imekaa chini. Tulifungwa mabao mengi na vijana wawili wakazimia kwa kiu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaeleza watu kwenye lori kwamba tungekunywa yale maji tungefungwa zaidi, na walikubali.

Ulikuwa umekaa kwenye magunia, ukanitazama. Nadhani siku hiyo ndiyo ulianza kunipima.

Lakini Siakago ni kichekesho tu. Ninalotaka kukuambia ni la uwanja wetu, kwa sababu unakwenda kwa Kobia, kocha wao, na huwezi kula kwa mtu huyo bila kujua yaliyopita kati yake na mimi. Umesikia vipande. Hapa Kianjai kila mtu ana kipande chake, na kila kipande kinamwacha msemaji akiwa hana kosa. Mimi nitakupa chote.

Wakati huo ulikuwa bado unakwenda shule bila viatu. Uwanja ulikuwa mzima, kutoka barabara ya soko hadi kwenye mikaratusi, na kona ile ya mbali ilikuwa na nyasi nzuri kuliko mahali pengine pote. Sisi akina mama wa ngoma tulikaa huko. Hatukuwa na benchi, tulikaa kwenye shuka zetu, na mtu wa timu nyingine hakuthubutu kupita hapo. Refa mwenyewe akija kuangalia kona alikuwa akija kwa adabu. Kwangu hapo palikuwa pazuri kuliko kanisani, na Mungu anisamehe, kwa sababu kanisani hawakuwa wananisikiliza.

Siku moja kabla ya mechi yetu na Muthara, mwenyekiti wa klabu alikuja kwenye meza yangu ya ndizi sokoni. Unamjua. Alikuwa amevaa skafu yetu ya manjano, jua likiwa kali hivyo. Akanunua ndizi, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mutuma, kuna watu wa Muthara walionekana kwa ile kona yenu jana jioni. Walikuwa wanainama inama. Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu kwa sababu wewe ni mtu wa macho."

Mtu wa macho. Nilifunga biashara saa ile ile. Nilimwita Mama Kanana na wale wengine wa ngoma, tukabeba majembe kutoka nyumbani, tukaenda kuchimba kona yetu wenyewe.

Tulichimba mpaka jembe la Mama Kanana likalia. Chini ya udongo, si chini sana, kulikuwa na donge la saruji na katikati yake chuma kimesimama. Tulirudi nyuma wote. Nataka unielewe hapa, usicheke kwanza. Sisi tumezaliwa kwenye mashamba ambayo mpaka wake ni mmea. Babu alipanda, jirani akaona, basi. Hakuna aliyewahi kuona mpaka wa chuma. Na mtu anayechukua taabu ya kufukia chuma kwenye saruji, kwenye kona ya uwanja wa watu, siku chache kabla ya mechi, wewe ungedhani anataka nini? Sisi tulidhani kile ambacho kila shabiki kutoka hapa hadi Embu angedhani. Tulijua Muthara wameweka dawa ya kufunga miguu ya vijana wetu.

Hatukukigusa kwa mikono. Tulikisukuma kwa majembe hadi kikang'oka, tukakivingirisha juu ya gunia, tukakimwagia chumvi, na tukakesha tukikilinda kwa zamu. Asubuhi ndipo tukaanza kukibeba kukipeleka kwenye choo cha soko, tukiimba.

Gari la Muthara lilikuwa limefika mapema. Kobia ndiye aliyekuwa kapteni wao, kijana mrefu mwenye shingo ya ng'ombe dume. Alituona, akaja mbio, na sisi tukasimama, kwa sababu tulitaka aone kwamba tumewashika.

Akasema, "Akina mama, hiyo mnapeleka wapi? Hiyo ni bikoni. Ni alama ya soroveya, ya kuonyesha shamba la umma limeishia wapi. Rudisheni mahali mmeitoa."

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Na wewe umeijuaje?"

"Kwetu ziko. Uwanja wetu uko nazo kila kona."

"Ameijua kwa sababu ni yake," nikawaambia wenzangu, na wote wakaitikia. Tuliona huo ndio ushahidi wenyewe. Asiyehusika angejuaje? Nilimkimbiza na jembe mpaka kwenye gari lao, watu wakishangilia, kisha tukaenda tukakitupa kile chuma kwenye shimo la choo. Tulikisikia kikianguka. Na mechi tukashinda, Mutuma. Hilo ndilo lililotumaliza. Tungefungwa, labda mtu angefikiria vizuri. Lakini tulishinda, nikabebwa juu juu hadi sokoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuniambia kitu kuhusu dawa za Muthara.

Mvua ya masika ilipoisha, nguzo za ua zilisimikwa kwenye kona yetu. Mwenyekiti alisema ni ofisi ya klabu inakuja. Tukapiga makofi. Kisha mawe yakaletwa, mabati yakaletwa, na ofisi ikawa na milango mingi kama maduka. Kisha ikawa maduka. Tulipouliza, alituonyesha karatasi yenye mihuri, akasema uwanja uliishia pale siku zote, na kama tunabisha tuonyeshe alama. Akaja mpimaji kutoka ofisi ya wilaya, kijana wa kofia, akatwambia kwa upole, "Mama, nionyesheni tu bikoni ilikuwa wapi." Tulikwenda sote wa ngoma kumwonyesha. Kila mtu alisimama mahali pake. Mimi nilisimama hapa, Mama Kanana akasimama kule kwenye ukuta, mwingine alikuwa karibu na barabara. Tulianza kugombana wenyewe kwa wenyewe mbele yake, naye akafunga vyombo vyake.

Mpaka leo nabishana na baba yako kuhusu mwenyekiti. Baba yako anasema labda alisikia uvumi kweli, kisha nafasi ilipojitokeza akaichukua. Baba yako angemtetea hata fisi aliyetoka zizini na mguu wa mbuzi. Mimi nasema alipanga tangu siku ile ya ndizi. Alikuwa anajua kilichofukiwa pale. Alijua hawezi kukichimba mwenyewe mchana, lakini anaweza kupata wanawake wenye kelele watakaokichimba bure, tena wakiimba. Na alijua wa kuanzia ni nani. Alikuja moja kwa moja kwangu.

Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu kila mtu wa Muthara anayeshuka sokoni kwetu. Nilijua nani ameoa nani, nani ana shangazi wapi. Yule aliyekuwa amevaa skafu yetu sikumtazama hata mara moja. Hakuna siku nilijiuliza kwa nini amekuja, kwa nini ameinama, kwa nini anainunua ndizi ambayo hata hakuila. Aliiacha mezani. Niliiuza tena.

Lakini nisikilize, hata hapo uwanja ulikuwa haujapotea. Sehemu hii watu wa Kianjai huwa wanairuka wakisimulia. Chifu aliita kikao kuhusu ile ardhi. Tulijaa. Na katikati ya kikao Kobia akafika kwa baiskeli, peke yake, akiwa na jasho. Akaomba kusema. Akasema yeye aliiona kona ile ikiwa imechimbwa, shimo likiwa wazi, asubuhi ya mechi, na anaweza kusimama palepale kwa sababu alikuwa amepiga kona nyingi kutoka hapo na anajua ni hatua ngapi kutoka kwenye goli. Alikuwa tayari kusema hivyo mbele ya mpimaji.

Chifu alituuliza kama tunamkubali shahidi huyo.

Nadhani wako waliotaka kusema ndiyo. Mimi nilisimama. Nilisema, mtu wa Muthara hawezi kuja kutuonyesha uwanja wetu ulipoishia. Nilisema, leo anatuonyesha mpaka, kesho atasema ni wake. Nilimwita mwizi. Watu walipiga makofi, na mwenyekiti, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alipiga makofi kuliko wote. Kobia akapanda baiskeli yake akaondoka. Hakuna aliyempa hata maji.

Kosa la kuchimba naweza kulieleza, nilikuwa sijui. Hili la kwa chifu silielezi, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshajua bikoni ni nini. Nilijua anasema kweli. Nilichoshindwa ni kusaidiwa na jezi ya kijani. Niliona afadhali uwanja uende kuliko kuokolewa na wale.

Na ulikwenda. Uliobaki unaujua, ndio uliochezea. Ukipiga mpira kwa nguvu unagonga ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi na mwenye duka anatoka na matusi. Waamuzi wa ligi walikuja na kamba yao, wakapima, wakasema hautoshi. Tangu hapo Nyuki wanacheza nyumbani kwa watu. Mashabiki tumebaki na ngoma na hatuna mahali pa kukaa. Vijana wazuri wameondoka mmoja mmoja, na sasa ni zamu yako, na watu wanakuita msaliti, wakati sisi ndio tulioichimba kona kwa majembe yetu. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu. Wakikuita msaliti, usiwajibu vibaya. Wanasema hivyo kwa sababu hawawezi kujisema wenyewe, na mimi ni mmoja wao.

Sasa nifike kwa Kobia wa leo. Ulipokuja kuniambia kwamba kocha wa Muthara anakutaka, na kwamba atakufundisha kuchomelea vyuma kwenye karakana yake na kukupa chumba, nilijua mara moja kuna jambo. Kwa nini wewe? Kuna washambuliaji Mikinduri, kuna washambuliaji Maua. Nilisema, huyu amengoja miaka yote hii. Atamchukua mtoto wa yule mwanamke aliyemkimbiza na jembe, atamweka benchi msimu mzima, na kila Jumamosi watu wake watakuwa wanamwonyesha kwa kidole. Usiku nilikuwa nalala nikiliona benchi lenyewe.

Alhamisi iliyopita niliwaambia nakwenda kununua maharagwe ya mbegu. Sikwenda. Nilikwenda Muthara.

Nilibeba kiondo, nikaweka ndizi mbivu na nduma chache ili mtu akiniuliza niseme nauza. Karakana ilikuwa imefungwa, nikaambiwa yuko uwanjani. Sikuwa nimekanyaga uwanja ule bila kundi langu hata siku moja. Ni mkubwa, Mutuma. Ni mzima. Kwenye kila kona wamezungushia bikoni mawe yaliyopakwa chokaa. Nilipoiona ya kwanza miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikaenda karibu, nikainama niiangalie vizuri.

Hilo lilikuwa kosa. Unajua mwanamke wa Nyuki akionekana ameinama kwenye kona ya uwanja wa Muthara ni habari gani.

Walianza wawili, kisha wakawa wengi. Wanawake walitoka sokoni na mikono yenye unga. Nikamsikia mmoja akisema, "Huyu si ni yule mama wa Kianjai? Yule wa ngoma?" Na mwingine, "Ni yeye. Amekuja kuweka kitu. Si mechi iko karibu?" Kijana mmoja, umri wako, akasimama mbele yangu.

"Mathe, hebu fungua hiyo kiondo."

"Wewe ni polisi?"

"Si lazima nikuwe polisi. Fungua tuone."

Nilikibana kiondo kifuani. Sikuwa na kitu, lakini nilikibana. Nilikuwa na aibu na hasira, na nyuma ya vyote hivyo nilikuwa naogopa, maana nimewahi kusimama upande ule mwingine na najua kundi kama lile linasikia nini. Halisikii kitu. Ningewaambia kweli kwamba nilikuwa naangalia tu, nani angeamini? Mimi nisingeamini.

Kobia alikuja akitembea, filimbi shingoni. Amenenepa. Watu wakampisha, akasimama mbele yangu.

"Mama Mutuma."

"Kobia."

"Hawa hawatatulia mpaka waone iko na nini ndani," akasema. "Na nikisema ukweli, hata mimi ningetaka kuona."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoanza kumwamini kidogo. Angesema niachwe niende, angesema mama huyu ni mtu mzuri, ningejua ananitengenezea jambo. Nilimpa kiondo. Akakipekua mwenyewe, pole pole, nduma moja moja, ndizi moja moja, akaingiza mkono hadi chini kabisa, akatoa leso yangu akaikung'uta mbele ya wote. Hakunificha na hakunidhalilisha. Alifanya kazi yake kama ninavyoifanya mimi.

Kisha akachukua ndizi, akaimenya, akaila. Yote. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Unajua maana ya kula chakula cha shabiki wa timu nyingine, uwanjani kwako, wiki ya mechi. Alitafuna taratibu, akameza, akasema, "Ni tamu. Hii ni ya kwako ama ni ya kununua?"

"Ya shamba langu."

"Basi nipatie ingine."

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Tulibaki kwenye kona, yeye anakula na mimi nimesimama. Nikamuuliza bila kuzunguka anataka nini na mtoto wangu.

"Nataka mabao," akasema.

"Hilo tu?"

"Mama, siku ile kwa chifu uliniita mwizi mbele ya watu. Sijasahau. Usidhani nimesahau." Akafuta mkono kwenye suruali. "Lakini hiyo kelele kijana hakuwa ndani yake. Na nikimweka benchi kwa sababu yako, nani atanifungia mabao?"

Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nikamwachia ndizi zote zilizobaki, na alizichukua, na nadhani alielewa. Au labda alikuwa na njaa. Sijui.

Hayo yote nimeyaona kwa macho yangu na bado sijatulia. Chumba atakachokupa kina dirisha moja, nililiangalia nikipita, na komeo lake limelegea. Yule kijana aliyeniambia nifungue kiondo anacheza nafasi yako, kwa hivyo usimpe kisogo mazoezini. Na mashabiki wa huko, hata wakikubeba juu juu siku ya kwanza, usiwazoee haraka. Siku utakayokosa bao la wazi watasema mama yako amekutuma. Siku hiyo hiyo huku nyumbani watasema umekosa kwa sababu Nyuki hawataki ufunge ukiwa kwa adui. Utakuwa huna upande hata mmoja, na mpira utakuwa bado uko miguuni mwako. Nimekaa kwenye kona za viwanja muda mrefu nikitazama vijana. Wanaoharibika ni wale wanaogeuka kuangalia nani anapiga kelele gani.

Usiniige mimi katika kushuku. Au niige, maana dunia hii inataka macho, lakini mimi nilikodolea macho njia ya Muthara peke yake na nyumbani kwangu nikafumba. Mtu akikuinamia kukunong'oneza habari za maadui zako, kwanza mwangalie yeye. Muulize amejuaje. Nilikuwa na swali hilo mdomoni siku zote na nikamuuliza mtu asiyestahili.

Leo asubuhi nilimwambia Mama Kanana kwamba huenda ukaenda. Tumekaa shuka moja tangu kabla hujazaliwa, ulipozaliwa yeye ndiye aliyekata mboga zangu mwezi mzima. Aliendelea kupanga nyanya zake. Kisha akasema, "Mtoto akienda Muthara, na wewe ngoma uturudishie." Hakuniangalia. Nilikaa mezani kwangu hadi jioni bila kuuza kitu na niliumia, Mutuma, sitakuficha. Ndiyo maana hukupata jibu ulipoliomba. Sikuwa nakufikiria wewe wakati ule, nilikuwa naifikiria ngoma.

Jibu langu ni uende.

Ngoma nitaipeleka kwa Mama Kanana kesho, baada ya wewe kuondoka, ili usione nikiibeba. Lakini mimi sihami. Nimezaliwa wa Nyuki na nitazikwa wa Nyuki, na makofi yangu hutayapata ukiwa na kijani. Mechi ikifika nitakuja Muthara na kukaa upande wa wageni, hata kama wenzangu watasogea mbali nami na nibaki na nafasi wazi kulia na kushoto. Nitapiga kelele ukose. Nitamwambia beki wetu akukabe na asikuogope, na nitamwambia mguu wako dhaifu ni upi, kwa sababu naujua. Usije ukaangalia huku ukitafuta mama. Huku kutakuwa na shabiki tu.

Ila ukianguka na usipoinuka haraka, nitavuka uwanja kuja kukuinua, mbele ya Kianjai yote na Muthara yote, na wacha wapekue kiondo changu baadaye.

Mimi mama yako,
Karimi